Barua ya Ajira na Umri wa Mtumishi

Hivi karibuni nilikaa siku nzima katika semina ya wakuu wa idara kuhusu namna ya kusimamia watumishi wa vizazi tofauti. Mwezeshaji, kijana hodari na mwenye adabu, alituonyesha jedwali: waliozaliwa kati ya 1946 na 1964 wana tabia hizi, waliowafuata wana zile, na hawa wa mwisho hawapendi kuagizwa. Nililinakili lote kama mwanafunzi mtiifu, kisha nikajiuliza mwaka 1946 ulikuwa na nini kwetu. Kule Marekani, jedwali lilikotoka, askari walikuwa wamerudi kutoka vitani, wakaoa, na wodi za wazazi zikajaa. Tanganyika mwaka huo iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mtawala akibaki Mwingereza yuleyule. Mtoto aliyezaliwa Masasi wakati huo hakurithi chochote kutoka katika jedwali lile.

Rai yangu ni kwamba katika ofisi zetu za umma kizazi cha mtumishi hakihesabiwi kwa cheti cha kuzaliwa. Huhesabiwa kwa tarehe ya barua ya ajira. Serikali iliajiri kwa mawimbi, na baina ya wimbi na wimbi ikafunga mlango. Kila kundi liliingia kwa masharti yake, na mengi tunayoyaita tabia za wazee au za vijana ni kumbukumbu ya masharti hayo.

Wimbi la kwanza lilikuja na Uhuru. Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, Rashidi Kawawa alishika nafasi hiyo na kuharakisha kuwakabidhi Waafrika madaraka serikalini. Historia huisimulia hatua hiyo kama habari ya Mzungu kumpisha Mwafrika, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini ndani ya ofisi kulikuwa na habari ya pili, isiyosimuliwa sana. Karani aliyeitumikia serikali ya kikoloni miaka 15 au 20, aliyelijua kila jalada la wilaya, alimwona kijana aliyetoka Makerere na shahada yake akikalia kiti cha Bwana Shauri. Wahitimu walikuwa wachache mno. Chuo kikuu chetu wenyewe kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo cha sheria pekee, ndani ya jengo la TANU. Kwa hiyo kijana hakupanda ngazi, alipachikwa juu yake. Karani alibaki chini akimfundisha bosi wake kazi.

Miaka michache baadaye ngazi hiyo ilikuwa tayari imeanza kujaa. Hapo ndipo ninapoliweka tukio la 22 Oktoba 1966, ambalo tumezoea kulisoma kama kisa cha wasomi wabinafsi. Wanafunzi wa chuo kikuu na wenzao wa vyuo na shule nyingine waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima. Sharti lililowauma zaidi lilikuwa la mshahara: katika kipindi cha miaka 2 ya utumishi huo, wakiwa tayari kazini, wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi yao walibeba bango lililosema afadhali ukoloni, upuuzi ambao Mwalimu hakuweza kuusamehe. Karibu 400 walifukuzwa na kurudishwa makwao.

Siwatetei kwa bango lile. Lakini ukiliweka kando, unabaki na mgogoro wa kazi. Mbele yao walikuwa kaka zao waliohitimu miaka minne au mitano tu kabla, wenye mishahara kamili na nyumba za Serikali. Na waliopanga makato walikuwa mawaziri ambao mishahara yao haikuguswa. Vijana walilisema hilo waziwazi. Mwalimu, aliyekuwa na umri wa miaka 44, aliwafukuza na papo hapo akakubali hoja yao: alitangaza kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akaanza kwa kukata asilimia 20 ya wake. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye likaja Azimio la Arusha. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni baada ya muda, wakahitimu, wakaajiriwa, na baadaye wakawa ndio wakubwa wa ofisi.

Nayapita haraka ya Mwongozo wa 1971, ingawa wafanyakazi waliousoma mbele ya mameneja wenye dharau wanastahili makala yao peke yao. Nifike miaka ya 1990, kwa kuwa ndiyo iliyonipata mimi. Chini ya masharti ya wafadhili, Serikali ilipunguza makumi ya maelfu ya watumishi na kusitisha ajira mpya katika sehemu kubwa ya utumishi wa umma. Sisi tuliohitimu wakati huo tulifundisha tuisheni, tukauza vitabu, tukasubiri. Vyuo vilizeeka bila warithi. Mlango ulipofunguliwa, waliobakia waliingia pamoja na wadogo zao. Leo katika idara nyingi utamkuta anayekaribia kustaafu na mwenye miaka 29, na katikati yao viti ambavyo havikuwahi kukaliwa.

Masijala yetu ilitunzwa na mzee wa darasa la saba, aliyeajiriwa miaka ya 1980. Nilikuwa mkuu wake, naye alinizidi miaka kumi na ushei. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Mbele ya watu aliniita Mkuu. Tukiwa wawili, mwanangu. Mfumo wa wazi wa tathmini, ulioanza 2004 badala ya ile taarifa ya siri, ulimtaka akae nami tukubaliane alama. Aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, mtu anajipaje alama mwenyewe. Kisha ukaja mwaka 2017, watumishi wa darasa la saba wakaondolewa kwa kukosa elimu ya kidato cha nne, naye akiwemo. Orodha niliisaini mimi. Mwaka uliofuata Serikali ikaelekeza walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warejeshwe. Tarehe ya barua ilimwokoa.

Aliporudi alimkuta binti mwenye kompyuta, aliyekwisha kuyapanga majalada upya kwa namba. Niliwaweka meza moja: mzee aeleze, binti aandike. Alieleza nusu. Mwezeshaji wa semina angesema wazee huogopa mabadiliko. Mimi nilimwelewa vingine: mtu aliyeondolewa kwa kipande cha karatasi hawezi kulazimishwa kuyamwaga yote aliyo nayo kichwani, maana hana dhamana nyingine.

Alistaafu akiwa na miaka 60. Wiki chache zilizopita lilitafutwa jalada la 1994, kompyuta ikasema halipo. Binti akatoka nje, akapiga simu. Nilimsikia akisema, “Shikamoo Babu, samahani kwa usumbufu,” kisha akanyamaza muda mrefu akiandika kiganjani.