Mbwa wa uokoaji: kutoka uwanja wa vita hadi kwenye kifusi

Mbwa anayenusa kifusi kutafuta watu waliofukiwa ana asili yake jeshini. Mwishoni mwa karne ya 19, mchoraji wa wanyama wa Ujerumani aitwaye Jean Bungartz alianza kufunza mbwa kuwatafuta majeruhi waliobaki vichakani na mashimoni baada ya mapigano, mahali ambapo wabeba machela hupita gizani bila kuona mtu. Hapo mwanzo mbwa alirudi na kofia ya majeruhi kama ushahidi. Asipoiona kofia, aling'oa chochote, hata bandeji. Dawa yake ikawa kijiti kifupi kinachoning'inia shingoni mwa mbwa. Akimpata mtu, hukishika kwa meno na kumrudia askari wake. Kikiwa bado kinaning'inia, askari hujua kwamba hakuna aliyepatikana.

Uingereza ilikuwa na Edwin Richardson, ofisa aliyeacha jeshi akageukia kufunza mbwa. Wakubwa wa jeshi lake hawakumjali kwa miaka mingi. Warusi ndio waliochukua mbwa wake wa kutafuta majeruhi katika vita vyao na Japani vya 1904–05. Serikali ya Uingereza ilipomfungulia shule ya mbwa wa vita huko Shoeburyness mwaka 1917, haja ilikuwa ya mbwa wa kupeleka ujumbe. Mbele ya mahandaki na bunduki za rashasha, mbwa wa majeruhi hakuwa na nafasi.

Kazi ya kifusi ilianzia London katika Vita vya Pili vya Dunia, tena kwa bahati. Mwaka 1940 mbwa wa mitaani aliyeitwa Rip aliokotwa na walinzi wa raia wa Poplar baada ya shambulio la ndege. Bila kufunzwa na mtu, akawa ananusa magofu na kuwaonyesha mahali pa kuchimba.

Mafunzo rasmi yalifuata baadaye. Luteni Kanali James Baldwin alikuwa amewaona mbwa wa Kijerumani katika vita vya kwanza, akarudi nyumbani kufuga aina hiyohiyo. Vita vya pili vilipokuja aliongoza shule ya mbwa walinzi karibu na Gloucester, na mwaka 1944, mabomu ya Kijerumani ya V-1 yalipokuwa yakibomoa mitaa, mbwa wa shule hiyo wakajaribiwa kwenye kifusi. Jet, aliyekuwa mlinzi kwa miezi kadhaa, akapelekwa London. Irma, mbwa wa mkufunzi Margaret Griffin, alikuwa na sauti mbili: mbweko mmoja kwa aliye hai, mwingine kwa maiti. Hapa ndipo uzoefu wa mwongozaji wa mbwa ulipokuwa na thamani kuliko pua yenyewe. Harufu hupanda kupitia nyufa na kutokea mbali na aliyefukiwa, na mbwa huchanganywa na gesi, moshi na maji ya mabomba yaliyopasuka. Bila mtu anayemjua mnyama wake kiasi cha kutofautisha shaka na uhakika, wachimbaji wangepoteza saa nyingi mahali pasipo na mtu.

Jet alipewa nishani ya Dickin, inayotolewa kwa wanyama, Januari 1945 na kurudi kwa wenyewe Liverpool. Agosti 1947, mlipuko ulipoua wachimbaji 104 katika mgodi wa makaa wa William huko Whitehaven, mkongwe huyo wa miguu minne aliitwa tena kutafuta chini ya ardhi.

Afrika Mashariki iliiona kazi hii Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani lilipoua zaidi ya watu 200 Nairobi. Jeshi la Israeli lilituma kikosi cha uokoaji chenye mbwa. Sehemu kubwa ya kikosi cha aina hiyo ni wanajeshi wa akiba: wahandisi, madaktari na mafundi waliokwisha kupitia jeshi, wenye kazi zao za kiraia, ambao huitwa tena maafa yanapotokea. Walifanya kazi kwenye mabaki ya Ufundi House, jengo lililoporomoka jirani na ubalozi, pamoja na wanajeshi wa Kenya na wananchi waliokuwa wakifukua kwa mikono tangu saa ya kwanza.