Kwa nini balbu za nyumbani huungua mara kwa mara

BALBU inapoungua kabla ya kumaliza hata mwezi mmoja, lawama huelekezwa upesi kwa mwenye duka aliyeiuza. Yamkini bidhaa ilikuwa duni. Hata hivyo, iwapo balbu zinaungua moja baada ya nyingine katika nyumba ile ile, chanzo aghalabu huwa ni umeme wenyewe au nyaya zinazousambaza, na hapo pana hatari kubwa kuliko giza.

Balbu ya kawaida hutoa mwangaza kwa kupasha moto uzi mwembamba wa tangsteni, metali isiyoyeyuka hadi joto lifikie digrii 3,422 za Selsiasi. Inapowaka, uzi huo huwa na joto la takriban digrii 2,500. Polepole metali hugeuka mvuke na kuganda kwenye kioo, ndiposa balbu kuukuu huwa na weusi ndani. Uzi hukonda mahali fulani, na hatimaye hukatika. Kwa kuwa uzi ulio baridi hupitisha umeme mwingi zaidi kuliko uliopata moto, balbu nyingi huungua papo hapo swichi inapobonyezwa.

Balbu ya aina hii hukadiriwa kudumu kwa saa 1,000. Kiwango hicho kina historia yake. Mnamo 1924 makampuni makubwa, yakiwemo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yalikutana mjini Geneva na kuafikiana kuwa balbu isizidi muda huo. Yalijitetea kwamba balbu inayodumu zaidi hutoa mwangaza hafifu, lakini ni wazi pia kwamba mauzo yaliongezeka.

Adui mkuu wa balbu ni umeme unaopanda kupita kiasi. Nchini Kenya nyumba huunganishiwa umeme wa volti 240. Ukipanda hadi volti 252 na kubaki hapo, yaani ongezeko la asilimia 5 pekee, maisha ya balbu ya uzi hupungua kwa karibu nusu.

Balbu za kisasa za LED hazina uzi, na zinaweza kuwaka kwa maelfu mengi ya saa. Udhaifu wake umo katika vifaa vidogo vya kielektroniki vilivyofichwa shingoni. Vifaa hivyo huharibiwa na joto, hasa balbu inapofungiwa ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa, na pia na umeme unaopanda ghafla baada ya kupotea. Nazo balbu za mirija iliyopindwa huchakaa haraka zikiwashwa na kuzimwa kila mara.

Sababu nyingine ni holda iliyolegea. Umeme huruka cheche kati ya balbu na holda, joto huongezeka na plastiki huanza kuungua. Harufu ya kuungua, mlio wa kukwaruza au taa inayopepesa ni dalili zisizofaa kupuuzwa, kwani moto wa nyumba waweza kuanzia hapo.

Hatari zaidi ni kulegea kwa waya wa nyutro. Katika majengo ya kupangisha yanayotumia fezi tatu, waya huo ukikatika, umeme hugawanyika ovyo: mpangaji mmoja hupata hafifu, huku wa jirani ukipanda kuelekea volti 415. Dalili yake ni baadhi ya taa kung'aa kupita kiasi wakati nyingine zinafifia, hasa pasi au birika la umeme linapowashwa. Anayeona hayo anashauriwa azime swichi kuu mara moja, achomoe runinga na friji, kisha aiarifu kampuni ya umeme.

Kwa matatizo mengine, mwenye nyumba amwite fundi aliyepewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), ambaye atapima volti, kukaza viungo na kubadilisha holda zilizoungua. Kununua balbu mpya kila wiki bila kutafuta chanzo hakuondoi tatizo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.