Kifurushi cha sampuli katika elektro-hausi ya Ufaransa
Kifurushi cha sampuli ni mkusanyo wa vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari, kama ngoma, besi na vibwagizo, ambavyo mtayarishaji wa muziki huvipanga upya kwenye kompyuta. Waasisi wa hausi ya Ufaransa, muziki wa dansi wa kielektroniki, walichukua vipande kutoka santuri zenyewe: kundi la Stardust, mwaka 1998, lilichukua gitaa kutoka wimbo wa mwimbaji Chaka Khan wa 1981, "Fate". Miaka ya 2000, kundi la Justice na lebo ya Ed Banger ya Paris waliongeza besi inayokwaruza, na mtindo ukawa elektro-hausi. Katika mtindo huu, sauti ya muziki wote hubanwa ishuke kila ngoma kubwa inapogonga, kisha ipande tena. Mwendo huo, kama wa pumzi, ndio roho ya mtindo. Vifurushi vingi vya sampuli za mtindo huu huuzwa pamoja na leseni ya matumizi, lakini kipande kisichobadilishwa huweza kusikika katika nyimbo za watayarishaji wengi.