Kilichovuka Hakikuwa Maji

Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra. Baada ya saa saba hivi, wimbi lilipiga pwani ya Somalia, likaua watu takriban 300.

Nawasikia wengi wakisema maji ya Indonesia yalitufikia. Sivyo. Katika bahari kuu maji yalisogea kidogo tu, yakarudi. Kilichovuka ni nishati, kwa kasi ya ndege ya abiria. Kwenye kina kifupi wimbi lilipunguza mwendo, likainuka.

Kenya wimbi lilifika likiwa hafifu zaidi, na watu walikuwa wameshaondolewa ufukweni. Alikufa mmoja. Kwangu somo ni hili: simu hulipita wimbi, ila lazima mtu aipige.