Kura ya Wanaoongozwa: Kirangozi, Manju na Shindano la Televisheni

Mwaka 2008 BBC Two ya Uingereza ilirusha shindano lililoitwa Maestro. Watu mashuhuri wanane walifundishwa kuongoza okestra, kisha wakasimama mbele ya BBC Concert Orchestra huku majaji wakiwapa alama. Mshindi alikuwa mchekeshaji Sue Perkins, aliyetunukiwa nafasi ya kuongoza muziki mbele ya umati wa Hyde Park, London. Umaarufu wa washiriki haunishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni kanuni moja: wawili wa mkiani walipopatikana, wapiga ala wenyewe ndio walioamua nani abaki. Kwa mtazamaji wa London huenda hicho kilikuwa kionjo tu cha burudani. Unyamwezini, nchi ya Wanyamwezi inayoizunguka Tabora, naamini huo ndio msingi wenyewe wa uongozi wa muziki.

Tuanzie kwenye njia ya misafara. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, wakiwa katika msafara uliotegemea wapagazi. Burton ameeleza kwa kirefu habari za kirangozi, yaani kiongozi aliyeutangulia msafara: joho jekundu, manyoya kichwani, mgwisho wa kuonyesha cheo chake, na faini kwa yeyote aliyethubutu kumtangulia. Nyuma yake zilifuata ngoma, baragumu na nyimbo za kupokezana, na watu waliobeba takriban frasila mbili kila mmoja wakaenda kwa mwendo mmoja. Burton aliyaona mapambo zaidi ya kazi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, ametusaidia kuiona kazi: wapagazi hawa, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi na heshima zao, na waligoma au kutoroka pale walipoonewa. Kwa hiyo mamlaka ya kirangozi yalipimwa kila alfajiri mizigo ilipoinuliwa, au ilipoachwa chini.

Hapa lazima niseme wazi kwamba barabara hiyohiyo ilipitisha watumwa. Aliyefungwa mnyororo hakuwa na kura yoyote, na wimbo wa mbele haukuwa wake. Hoja yangu inawahusu wapagazi huru, na haiwezi kutumiwa kuipamba njia nzima.

Desturi ya kumpima kiongozi kwa wafuasi wake imedumu hata baada ya reli kuchukua mizigo. Manju wa ngoma hutunga, hufundisha, huanzisha wimbo na kuwasikiliza waitikiaji. Wakizubaa, aibu ni yake. Wenye umri mkubwa Tabora wanalikumbuka jina la manju Mwinamila na ngoma yake ya Hiari ya Moyo. Kwa majirani wa kaskazini, Wasukuma, ushindani umepewa sura kamili. Bagika na Bagalu, jamii mbili za ngoma zinazonasibishwa na waganga Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja baada ya mavuno, kila kundi upande wake wa uwanja. Watazamaji huhamia palipo na mvuto, na lenye umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Manju mwenye jina kubwa anaweza kuuona uwanja wake ukipukutika akiwa katikati ya wimbo.

Ni kweli kwamba sifa na ukwasi navyo vimewahi kununua nafasi ya mbele. Katika beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi na kuenea bara pamoja na askari, vyeo vya Kingi na Jenerali viliwaendea pia wafadhili. Lakini cheo hakikumfanya mtu kuwa mwalimu wa nyimbo, na wanachama walijua tofauti hiyo.

Mashindano yetu ya televisheni, kwa mfano Bongo Star Search, yamejengwa juu ya sauti ya mtu mmoja anayesimama mbele ya majaji. Yameibua vipaji, nami siyabezi. Hata hivyo, yanamwacha nje mwalimu wa kwaya anayewapatanisha watu wa sauti nne katika parokia ya Tabora, na manju anayepanga majembe shambani na miguu uwanjani kwa wimbo mmoja.

Mtu atapinga kwamba okestra ina nota zilizoandikwa na wapiga ala waliobobea, ambao wanaweza kumbeba mgeni asiyejua kitu. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo sababu, kama shindano la aina ya Maestro lingefanyika Tabora, ningependa liwe gumu kuliko la London. Msanii maarufu akabidhiwe kwa manju kwa msimu mzima wa kilimo, alime na kundi, ajifunze kuanzisha wimbo na kuukatisha, kisha aongoze uwanjani baada ya mavuno sambamba na kundi pinzani. Waitikiaji wapige kura kwanza, kabla jaji yeyote hajafungua kinywa. Kura za simu zifuate baadaye, na zisiwe na uwezo wa kumrudisha yule ambaye kundi lake limemkataa.