Kura 21,276 za Zuberi Mtemvu

Kila tunapokutana hapa Birmingham kuadhimisha 9 Desemba huikumbuka TANU, na ni haki yake. Lakini TANU haikuwa peke yake uwanjani, na mmoja wa wapinzani wake bado ana la kutufunza.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa TANU, alikataa. Akatoka na kuunda African National Congress, chama kilichotaka Tanganyika iwe ya Waafrika tu.

TANU iliwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, ikashinda. UTP, chama kilichopendwa na serikali ya kikoloni, kikafifia. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Congress haikuambulia hata kimoja. Novemba 1962 Mtemvu aligombea urais, akapata kura 21,276. Mwalimu alipata zaidi ya milioni 1.1.

Je, hoja yake ilikufa? Hapana, kwa sababu ilikuwa na wenyewe hata ndani ya TANU. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi, hadi Mwalimu akatishia kujiuzulu. Mwaka 1962 serikali ya Rashidi Kawawa iliharakisha kuwapa Waafrika vyeo vilivyoshikwa na Wazungu. Ndivyo chama kikubwa kinavyodumu: sehemu ya hoja ya wapinzani hukataa, sehemu huichukua, wafuasi wasihame.

Hapa Uingereza tumeyaona hayo hayo. Mwaka 2015 UKIP ilipata kura karibu milioni 3.9 na kiti kimoja tu bungeni, maana jimboni anayeongoza ndiye anayechukua kiti. Lakini Conservative, kwa kuhofia kupoteza wapiga kura, walikuwa wameshaahidi kura ya maoni. Mwaka 2016 Uingereza ikaamua kutoka Umoja wa Ulaya. Chama cha kiti kimoja kiligeuza njia ya nchi nzima.

Sikubaliani na Mtemvu. Sisi tunaoishi ugenini tunajua uchungu wa kuambiwa nchi ina wenyewe. Hata hivyo, dawa iliyotumika nyumbani haikuponya. Januari 1963 TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja, Mtemvu akarudi TANU, na mwaka 1965 katiba ikafunga mlango. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Mchungaji Mtikila alisimama majukwaani kuwashambulia "magabacholi", na umati ukamsikiliza. Miaka 30 ya ukimya haikuwa imeondoa kitu. Katika kazi yangu ya uuguzi, mgonjwa akinyamazishwa maumivu hayaishi. Sisi tu ndio tunakosa kujua yalipo.

Hoja mbaya hushindwa kwa kujibiwa hadharani, kama Mwalimu alivyofanya mwaka 1961. Nasi tuna nafasi ya kujibu: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali wanaruhusiwa kupiga kura hata bila pasipoti ya Uingereza. Kama hujajiandikisha, jiandikishe.

Heri ya Uhuru.