Historia ya Zabibu ya Timorasso na Vilima vya Tortona

Mji wa Tortona uko kusini-mashariki mwa Piemonte, Italia, pale ambapo tambarare ya mto Po inaanza kupanda kuelekea milima ya Apenini. Warumi waliuita Derthona, na barabara yao ya Via Postumia, iliyojengwa mwaka 148 kabla ya Kristo kutoka Genova hadi Aquileia, ilipita hapo. Mwaka 1155 mfalme wa Wajerumani, Friedrich Barbarossa, aliuzingira mji, akautwaa, akaubomoa. Ukajengwa upya. Mwaka 1738 ukatoka himaya ya Milano ukaingia kwa ukoo wa Savoia. Ni mji wa njia panda: majeshi yalipita, wachuuzi wakapita, na wakulima wa vilimani wakabaki na majembe yao.

Vilima hivyo, vinavyokatwa na mabonde ya Curone, Grue na Ossona, vina udongo wa mfinyanzi wa kijivu uliochanganyika na chokaa. Hapo zamani palikuwa chini ya bahari. Mwaka 1858 wanajiolojia walichukua jina la mji huu wakakiita kipindi kizima cha historia ya dunia Tortoniani, yaani takriban miaka milioni 11.6 hadi milioni 7.2 iliyopita. Udongo huo huteleza mvua ikinyesha na hupasuka jua likiwaka, na ndio unaopendwa na zabibu nyeupe iitwayo Timorasso. Demaria na Leardi, walipoandika kitabu chao cha mizabibu ya mkoa wa Alessandria mwaka 1875, waliitaja miongoni mwa zabibu za huku.

Kisha ikaja filoksera, mdudu kutoka Amerika anayenyonya mizizi ya mzabibu mpaka ukauke. Dawa pekee iliyofaa ilikuwa kung'oa na kupanda upya kwa kupandikiza vikonyo kwenye mashina ya Kimarekani. Na mtu akianza shamba upya, hujiuliza apande nini.

Hapo ndipo Timorasso iliposhindwa, na wanaowalaumu wakulima wale hawajapata kulima zabibu. Tazama kishada chake wakati wa mavuno: punje kubwa zilizoiva kwa rangi ya dhahabu, katikati yake punje ndogo za kijani zisizokua kabisa, na chini ya shina, ardhini, zile zilizodondoka zenyewe kabla mkono haujafika. Ua lake halishiki matunda sawasawa. Shina linatoa majani kwa wingi, na mkulima asipoyapunguza, unyevu unanasa ndani na ukungu unaingia. Jirani yake Cortese, zabibu ya Gavi, inazaa vizuri kila mwaka na haina makuu. Mnunuzi analipa kwa uzito. Mwenye watoto sita atapanda Cortese, au Barbera nyekundu. Mimi pia ningefanya hivyo.

Timorasso ikabaki mistari michache hapa na pale, imechanganywa na zabibu nyingine, ikikamuliwa pamoja nazo bila mtu kuijali. Nguvu kazi nayo ikapungua. Mchoraji Giuseppe Pellizza, mzaliwa wa Volpedo katika bonde la Curone, aliwachora watu wa kijiji chake wakiandamana katika picha kubwa ya Il Quarto Stato, aliyoimaliza mwaka 1901. Mwanamke wa mbele, peku, mtoto mkononi, ni mkewe. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia wana wa vijiji hivi waliandamana kweli, ila kuelekea viwanda vya Milano, Torino na Genova.

Mwana mwingine wa vilima hivi aliondoka kwa baiskeli: Fausto Coppi, wa kijiji cha Castellania, bingwa mara mbili wa Tour de France. Desemba 1959 alisafiri kwenda Upper Volta, Burkina Faso ya leo, akarudi na malaria ambayo haikutambuliwa mapema. Akafia Tortona tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40. Muuguzi yeyote wa zahanati ya Tabora angemuuliza kwanza ametoka wapi.

Aliyeigeuza hali ya Timorasso ni Walter Massa, mkulima wa Monleale. Katika miaka ya 1980, wakati zabibu hiyo ilikuwa karibu kutoweka, alianza kuikamua peke yake, na mavuno ya 1987 ndiyo ya kwanza kutiwa chupani kwa jina la zabibu hiyo. Alichogundua ni kwamba mvinyo huu unataka muda. Ukiwa mchanga ni mkali na mzito, hauna maneno mengi. Ukikaa juu ya machicha ya chachu karibu mwaka mzima, kisha miaka kadhaa chupani, unatoa asali, jiwe lililogongwa, na harufu inayokaribia mafuta ya taa, kama mvinyo wa Riesling wa Wajerumani uliokaa miaka mingi. Wazee waliounywa mwaka uleule wa mavuno walikuwa wakinywa kitu kisichokwisha kuiva.

Majirani walimfuata: Andrea Mutti, Claudio Mariotto, Daniele Ricci. Wakalirudisha jina la Kirumi, Derthona, kwenye lebo. Mamia ya hekta sasa yamepandwa, na majumba makubwa ya mvinyo wa Barolo, kama Vietti na Borgogno, yamekuja kutafuta ardhi huku, jambo ambalo lingemchekesha mzee yeyote wa Monleale mwaka 1970.

Wenye fedha hao wamekuta shina lilelile. Bado linamwaga punje, bado linajaza majani, na bado kila kiangazi lazima watu wapite mstari kwa mstari wakipunguza vishada kwa mkono. Bei ya chupa imepanda hadi kuwalipa watu hao. Huko nyuma haikuweza.